Fyuzi Zilizonyamaza

"Mimi sijaua mtu," fundi alisema. "Na ukiniuliza tena nitakujibu hivyo hivyo, ila kwa sauti."

"Sijakuuliza kama umeua," Afande alimjibu. "Nimekuuliza kama waya wa ardhi uliufunga."

Fundi umeme aliinuka kutoka kwenye benchi la mahabusu, mkono mmoja umeshika suruali kiunoni, maana mkanda walikuwa wamemvua. Alikuwa pande la mtu, na hasira ilikuwa imemjaa mpaka ikawa inamwagikia hata aliyekuja kumsikiliza.

"Niliufunga. Skrubu niliikaza mpaka ikalia. Nikamwambia yule mzee, hii pasi ya tatu imeoza ndani, itupe. Akaniambia nimekuja kufunga waya, sikuja kumpangia mali yake. Tukatukanana, akanifukuza. Hayo matusi yaandike, nayakubali."

"Na tepu nyeusi?"

"Tepu gani?"

"Ndani ya plagi ya ile pasi waya wa ardhi umechomolewa, umekunjwa nyuma, umevishwa tepu nyeusi. Tepu kama hiyo iko kwenye mkoba wako."

"Tepu nyeusi iko kwenye mkoba wa kila fundi duniani, Afande. Mtu akichomwa kisu mnakamata wapishi wote?"

Koplo, aliyesimama mlangoni na ufunguo, alicheka puani. Afande alimkata jicho.

"Pale kiwandani uliacha kitu chako chochote?"

"Niliacha heshima yangu," fundi alisema, akakaa tena chini kwa kishindo. Kisha kwa sauti ndogo kidogo: "Na bisibisi moja na kipande cha tepu. Nilifukuzwa kama mwizi wa kuku, ningekusanya vitu saa ngapi?"

Mkuu wa kituo alikuwa anamsubiri Afande kwenye ukumbi, faili mkononi. Kesi ilikuwa imekwisha, kwa maoni yake. Jumatatu asubuhi, kwenye kiwanda cha dobi kinachofua mashuka ya hospitali, mpiga pasi mmoja alipigwa na umeme akafa pale pale, mkono wake bado umeshika shuka. Alikuwa na mtoto anayenyonya. Kabla maiti haijaondolewa, mwenye kiwanda alikuwa ameshamtaja fundi. Plagi ilifunguliwa, ikakutwa ilivyokutwa.

"Alasiri anapanda mahakamani," mkuu alisema. "Kuua kwa uzembe. Mume wa marehemu yuko hapo nje na ndugu zake. Unataka wanivunjie kituo?"

"Nipe mpaka hiyo alasiri."

"Nikupe ya nini? Tepu yake, waya wake."

"Tepu yake, ndiyo," Afande alisema. "Mkono wa nani, bado."

Walipoingia kwenye gari, Afande alifunga mlango taratibu mno.

"Kitendawili," alisema.

Koplo akajua mambo yameharibika. Bosi wake huyu, mama mfupi mwenye miwani inayoning'inia kifuani kwa kamba, hakuwa mtu wa kupaza sauti wala kupiga meza. Akikasirika alitega vitendawili, na kadiri hasira ilivyopanda ndivyo vilivyozidi kuwa vifupi.

"Tega."

"Hatoki nyumbani mpaka awe na njia ya kurudi."

"Mume anayemwogopa mkewe."

"Huyo ni wewe. Mimi nasema umeme. Unatoka kwa waya wa moto, unafanya kazi ndani ya pasi, unarudi kwa waya wa pili. Kata njia popote, unasimama. Ndege anakaa juu ya waya wa barabarani hana habari, kwa sababu ameshika waya mmoja tu, hana pa kuupeleka umeme. Sasa yule dada, umeme ulimpitia mkononi ukatokea miguuni ukaenda ardhini. Yeye ndiye alikuwa njia ya kurudi. Nataka kujua nani alimfanya njia."

Koplo aliwasha gari bila kuongeza utani.

Kiwanda cha dobi kilikuwa jengo refu la mabati lenye harufu ya sabuni na klorini. Upande mmoja mashine za kufulia zilikuwa zinanguruma, upande mwingine meza za kupigia pasi zimepangwa ukutani, kila meza na pasi yake nzito ya chuma, kila pasi na soketi yake. Wanawake walikuwa kazini. Ni meza ya tatu tu iliyokuwa wazi, imefungwa utepe wa polisi, na wenzake wa marehemu walipopita karibu nayo walipindisha mwili kama watu wanaokwepa moto.

Mwenye kiwanda aliwapokea yeye mwenyewe. Wafanyakazi wake walimwita Mzee Wanga, si kwa uchawi bali kwa mashati yake, maana aliyatia wanga mpaka kola zikasimama zenyewe. Walisema shati lile lingeweza kwenda kazini bila yeye.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nilidhani tumemalizana, Afande. Muuaji mnaye."

"Tunaye mtu. Naomba nijaribu hii pasi, kisha tuzungumze ofisini kwako."

Plagi ya zamani ilikuwa kituoni ndani ya bahasha. Afande alikuja na mpya. Alimwamuru Koplo azime swichi kuu, akahakikisha kwa testa kwamba umeme hakuna, ndipo akafunga plagi: waya wa moto mahali pake, wa kurudi mahali pake. Ule wa tatu, wa kijani na njano, akauacha nje umening'inia, kama ulivyokutwa. Akavaa glovu nene za mpira, akawarudisha watu nyuma, akaashiria swichi iwashwe.

Pasi ikaanza kupata moto kama pasi yoyote. Afande akagusisha ncha moja ya testa kwenye bati la pasi, na ya pili kwenye bomba la maji lililoingia ardhini. Kijitaa ndani ya mpini kikawaka.

"Mnaona?" aliwaambia wanawake. "Chuma chote hiki kina umeme. Ndani waya wa moto umegusa mahali usipopaswa kugusa."

"Sisi tulikuwa tunajua," mmoja alisema kwa uchungu. "Ilikuwa inatutekenya. Tukasema mpaka midomo ikakauka."

Mzee Wanga aligeuza shingo kumtazama, na yule mwanamke akarudi kwenye meza yake.

Swichi ikazimwa. Sasa Afande alifunga na ule waya wa tatu, akaukaza, akasogea mbali. "Washa."

Ndani ya sanduku la ukutani kitu kilisema *ta*, na pasi ikafa.

"Kitendawili," Afande alisema.

"Tega," Koplo alijibu, na wanawake wawili nao wakajibu bila kujijua.

"Mlinzi wangu akimwona mwizi, anakufa yeye."

"Fyuzi," Koplo alisema.

"Fyuzi. Waya wa ardhi ukiwepo, umeme uliopotea njia unakimbilia ardhini kwa nguvu zake zote. Kale kauzi ka fyuzi hakawezi kuubeba, kanaungua, kila kitu kinazimika. Mtu anakuwa salama. Kazi inasimama, lakini mtu anakuwa salama."

Alivua glovu. Karibu na kapu la mashuka yaliyokunjwa alisimama mwanamke kijana, kitambaa cheusi kichwani, macho yamevimba. Huyu alikuwa wifi wa marehemu, dada wa mume wake. Walikuwa wakifanya kazi pamoja, mmoja akipiga pasi, mwingine akikunja. Msiba ulikuwa nyumbani kwao, lakini Mzee Wanga alikuwa amemwambia asipokuja asije tena.

"Pole sana, mwanangu," Afande alisema. "Nina swali dogo. Wifi yako aliporudi kazini kutoka kujifungua, yule fundi alikuwa bado anakuja hapa?"

"Hapana. Alikuwa ameshafukuzwa. Wifi alimkosa, alikuwa anataka kumpa redio yake amtengenezee."

"Na fyuzi?"

"Fyuzi gani?"

"Zilikuwa zinaungua?"

"Hizo zilitusumbua, Afande. Siku yake ya kwanza tu kurudi, fyuzi iliungua asubuhi, akacheka akasema ameletewa mapumziko, akatoka nje kumnyonyesha mtoto. Ikawa hivyo karibu kila siku. Baadaye zikatulia."

"Zikatulia zenyewe?"

Yule dada aliinua mabega. "Zilinyamaza tu. Ndipo pasi ikaanza kututekenya."

Afande akavaa miwani. Koplo aliona mishipa ya shingo yake imesimama.

Ofisi ya Mzee Wanga ilikuwa na kiti kimoja kizuri, nacho alikikalia yeye. Afande hakungoja kukaribishwa. Alivuta kibao cha kupangia mashuka akakaa. Koplo alibaki amesimama na kalamu.

"Nisaidie, mzee. Mkuu wangu anataka faili lifungwe leo, na mimi sitaki wakili wa yule fundi alipekuepekue. Atasema alirudi baadaye kurekebisha kazi yake."

"Arudi wapi? Nilimwambia mlinzi wa getini akiona hata kivuli chake amfungulie mbwa. Tangu siku ile hajakanyaga hapa. Muulize mlinzi."

"Nimemuuliza. Anasema hivyo hivyo. Kwa hiyo hajarudi."

"Hata mara moja."

"Atasema kazi yake ilikuwa nzuri."

Mzee Wanga alicheka kwa dharau. "Nzuri? Kila siku fyuzi zinaungua. Akiwepo zinaungua, akiondoka zinaungua. Baada ya kumfukuza ndiyo zikazidi. Hospitali wananipigia simu mashuka yako wapi, wagonjwa wanalalia godoro tupu, na mimi nimesimama hapa kama kinyago nabadilisha fyuzi. Hiyo ndiyo kazi yake nzuri. Mwandike hivyo."

"Koplo, umeandika?"

"Nimeandika, Afande. Baada ya kumfukuza ndiyo zikazidi."

"Halafu zikaacha."

Mzee Wanga alisimamisha kicheko katikati.

"Zikaacha, mzee?"

"Vitu vya umeme vina tabia zake."

"Havina tabia hata kidogo. Umeme hauna hasira wala huruma wala siku mbaya. Umeona mwenyewe sasa hivi: waya wa ardhi ukiwepo, fyuzi ya pasi ile inaungua. Waya ukitolewa, fyuzi inanyamaza na chuma kinauma watu. Umeniambia kwa mdomo wako kwamba fundi ameondoka na fyuzi bado zinaungua. Basi fundi alipotoka getini waya ulikuwa umefungwa. Aliyeuchomoa aliuchomoa baadaye, na wewe umeniambia kwamba baadaye fundi hakukanyaga hapa. Aliacha bisibisi na tepu. Ziko wapi?"

Kola ya wanga ilikuwa imeanza kulegea kwa jasho.

"Nani mwingine ana ruhusa ya kufungua plagi kwenye kiwanda hiki?"

"Hakuna anayegusa kitu bila mimi."

"Umeandika, Koplo?"

"Nimeandika."

Mzee Wanga alipiga meza. Sasa hasira yake ilitoka ya kweli, uso ukamvimba. "Haya, tuseme. Tuseme mtu alichomoa kiwaya. Kiwaya ambacho pasi inawaka nacho na inawaka bila chenyewe. Watu walikuwa wana mzigo wa hospitali. Na wamepiga pasi hiyo hiyo siku zote hizo, huyu na yule, na hakuna aliyekufa. Kwa nini yeye afe Jumatatu? Hapo unanijibu nini?"

"Hapo," Afande alisema, "ndipo nilipokwama tangu jana. Asante kwa kuniuliza."

Akatoka, na mzee akalazimika kumfuata.

Afande alipiga magoti mbele ya meza ya kwanza. Saruji ya sakafu pale ilikuwa imesuguliwa na nyayo mpaka ikateleza kama sahani. Akaenda meza ya pili: vile vile. Meza ya tatu akapitisha kiganja, akakirudisha, akapitisha tena. Mahali pa kusimama mpiga pasi palikuwa panakwaruza kama saruji ya jana, na ule ukwaruzaji ulikuwa na kona nne zilizonyooka.

"Koplo, vua viatu ukanyage hapa, kisha pale."

Koplo alikanyaga. "Hapa hapajakanyagwa, Afande."

"Mpiga pasi anasimama mbele ya meza hii kutwa nzima, na miguu yake haigusi sakafu. Alikuwa anaelea? Kulikuwa na kitu hapa, mzee."

"Hapakuwa na kitu."

"Ubao, pengine. Wa kukanyagia."

"Ubao gani? Hii ni sehemu ya kazi, si karakana ya seremala."

Wanawake kwenye meza waliinamisha vichwa, na pasi zao zikaanza kwenda kwa kasi. Aliyejibu alikuwa wifi wa marehemu, anayepita na rundo la mashuka, na alijibu kama mtu anayemkumbusha mzee aliyesahau.

"Si ule wa mbao tatu, mzee? Uliotupigilia pasi ilipoanza kututekenya, wiki ile ile sakafu ilipopigwa saruji mpya. Uko nyuma, Afande. Niliutoa mimi."

Mlio wa mashine ulijaza chumba kizima.

"Uliutoa lini, mwanangu?"

"Jumatatu asubuhi. Mzee alisema mkaguzi wa usalama kazini anakuja, akiuona atauliza ni wa nini. Akanituma niupeleke nyuma na nioshe sakafu. Nikaosha. Wifi akaja akasimama hapo hapo, akanitania eti nimemwachia bwawa la kuogelea." Alitaka kutabasamu kwa kumbukumbu hiyo, kisha akawaona wote wanavyomtazama. "Kwani ubao una nini?"

Afande alimpokea yale mashuka mikononi akayaweka mezani. Hakutaka kumwambia, ila hapakuwa na mtu mwingine wa kumwambia.

"Mbao kavu haipitishi umeme. Aliyesimama juu yake anashika chuma chenye umeme, anatekenywa kidogo, basi, kwa sababu umeme hauna pa kuendea. Akisimama chini kwenye saruji iliyoloa, na shuka bichi mkononi, umeme umepata njia."

Yule dada alitazama sakafu. Alitazama mikono yake.

"Wewe ulikuwa unajua?" alimuuliza Mzee Wanga. Hakumwita mzee.

"Nilijua inatekenya tu. Na nilisema avae ndala, niliwaambia wote wavae ndala—"

"Uliupigilia ule ubao wewe mwenyewe, na nyundo yako. Ulikuwa unajua ni wa nini. Halafu ukanituma mimi nikautoe."

"Mkaguzi angefunga kiwanda. Mngekula wapi nyinyi? Wewe na huyo kaka yako mngekula wapi?"

Mwanamke wa meza ya kwanza aliizima pasi yake. Wa meza ya pili akafanya hivyo hivyo. Mtu kule mwisho alizima na mashine za kufulia, na kwa mara ya kwanza tangu Afande aingie, jengo lile likawa kimya.

"Koplo," Afande alisema, "mchukue mzee kwenye gari. Njiani asiongee na mtu. Ubao uletwe kama ulivyo, msiufute."

"Afande, una uhakika na unachofanya?" Mzee Wanga alisema. "Mimi nina watu."

"Kitendawili," Afande alimwambia.

Mzee hakujibu tega.

"Basi tembea."

Akapiga simu kituoni. Mkuu alipokea kwa kelele. Gari la mahakama lilikuwa limeshawashwa, fundi yuko ndani, mume wa marehemu amesimama mbele ya boneti anataka kumwona usoni.

"Mshushe," Afande alisema.

"Nimshushe niwaambie nini watu hawa?"

"Mrudishie mkanda wa suruali yake, halafu waambie hao wanisubiri. Naja na mwenyewe."

"Una shahidi, au una vitendawili?"

Afande alimgeukia yule dada. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kapu la mashuka, mgongo umenyooka, hana machozi hata tone. Afande aliushusha ule mkono wenye simu.

"Mwanangu, bila maneno yako huyu atasema ubao ulioza ukatupwa. Hawa wenzako wataogopea kazi zao. Na ukisema, itabidi useme nani aliutoa. Naweza kuandika kwamba ubao uliondolewa kwa amri yake, nikaishia hapo. Mahakama inaweza isiulize."

"Kaka yangu atauliza."

"Huenda."

"Siku mbili anashinda kituoni anataka kumrukia yule fundi. Usiku anambembeleza mtoto kwa chupa, mtoto anaikataa. Na mimi namwambia, kaka, Mungu atamlipa aliyefanya hivi. Nimemwambia hivyo jana." Alifuta viganja kwenye nguo yake, akaviangalia, akavifuta tena. "Andika kwamba niliutoa mimi. Andika jina langu. Andika na aliyenituma, na kwamba alikuwa anajua. Usiache kitu."

"Nitaandika."

"Lakini unipeleke kwa kaka kwanza. Nimwambie mimi. Asije akalisikia hili kwa watu."

"Sheria inataka niandike kwanza, hapa, kabla hujazungumza na mtu," Afande alisema.

Yule dada alivuta mkokoteni mmoja wa mashuka uliokuwa karibu, akausukuma mbele ya Afande uwe meza, akatandaza juu yake shuka moja safi ili karatasi isilowe.

"Basi andika haraka," alisema.